Mwanafunzi Namba 118

Shangazi yangu huandika programu za chuo cha uuguzi, katika chumba chenye meza mbili na feni inayolalamika kuliko inavyopuliza. Kwa kawaida ni mtu wa utani. Wiki ile hata chai yake ilipoa mezani bila kuguswa.

Hati ya mahitaji ya programu ya matokeo ilikuwa na kurasa arobaini. Ukurasa wa kumi na saba ulisema: "Alama zitakadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu. Atakayepata wastani wa hamsini amefaulu." Haukusema zikadiriwe lini: kila somo kwanza, au wastani mwishoni. Shangazi akajaribu njia zote mbili kwa wanafunzi mia mbili na kumi na wawili. Majibu yakafanana, isipokuwa kwa mmoja. Namba 118 alikuwa na 49.4, 49.4 na 49.8. Ukikadiria kila somo kwanza, unapata 49, 49 na 50, na wastani haufiki hamsini hata ukiubembeleza. Ukikadiria mwishoni, 49.53 inakuwa hamsini. Amefaulu.

Akapanda kwa msajili.

"Mmoja tu?" msajili akasema. "Dada yangu, kwa mmoja ndiyo umepanda ngazi zote hizi? Andika kama ilivyo kwenye hati."

"Kompyuta haijui 'kama ilivyo', bosi. Lazima niiambie ianze na lipi."

"Si wewe ndiye mtaalamu?"

Akamfuata mwalimu wa takwimu, aliyekuwa kwenye kamati iliyotunga kanuni ile. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, tulibishana siku mbili! Nusu walitaka hivi, nusu vile. Tukaiacha hivyo ili watu warudi makwao."

"Na huyu mtoto wa watu?"

Kicheko kikamwisha. "Siwezi kukuamulia peke yangu. Na kamati ilishavunjwa."

Ijumaa saa nne matokeo yalitakiwa. Shangazi akachapa orodha mbili, akaandika barua ya nusu ukurasa kueleza tofauti, akaibana kwa stepla kwenye orodha ya juu. Ya juu ilikuwa ile iliyomfaulisha 118. Aliniambia hilo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama.

Msajili akasaini ya chini. Ya juu, alisema, ilikuwa na matundu ya stepla, haipendezi ubaoni.

Dirisha la shangazi linatazama ubao wa matangazo. Wanafunzi wakaja, wote na sare ileile, naye hakujua 118 ni yupi. Binti mmoja akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akarudi juu, akaanza upya.

Shangazi akainuka, akafika mlangoni, akashika kitasa. Angemwambia nini? Kwamba amefaulu, lakini kwenye karatasi iliyobaki mezani kwa msajili?

Alipochungulia tena dirishani, binti alikuwa bado anasoma.