Mkono Uliobaki Kwenye Jeraha

Hospitalini walimwita Shangazi, kuanzia wafagizi hadi mganga mkuu, ingawa hakuwa na undugu na hata mmoja wao. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya daktari, trei ya vyombo mbele yake, na kumpa kila chombo kabla hajakiomba. Kisu alikitoa makali yakiwa yameelekea chini. Mkasi uliopinda ulikuwa wa nyama, ule ulionyooka ulikuwa wa nyuzi, na ole wake mwanafunzi aliyekata uzi kwa mkasi wa nyama. Alivyovipenda zaidi ni vibano vidogo vya kukamata mishipa inayovuja. Alisema kibano kizuri kikifungwa hulia mara tatu, ta, ta, ta, na kisipolia hivyo usikiamini.

Mumewe alikuwa seremala, karakana yake iko ubavuni mwa nyumba. Walitaniana kwamba wote wawili wanaishi kwa msumeno, patasi na nyundo, ila mbao hazipigi kelele. Shangazi alimjibu kwamba wagonjwa wake nao hulala usingizi, na tena hakuna aliyewahi kumrudishia mguu akilalamika kwamba unayumba.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, gari la kubebea matofali lilimleta kijana aliyekatwa panga pajani. Familia mbili za wafyatua matofali zilikuwa zimegombania shimo la udongo tangu mwaka uliotangulia, na asubuhi hiyo maneno yalikuwa yamewaishia. Mtu mmoja alikuwa amekufa palepale shimoni. Ilisemekana kijana huyu ndiye aliyemuua, kabla naye hajakatwa. Ndugu zake walikuwa wamelikaza paja lake kwa mkanda wa suruali, na wakati mlinzi wa lango anaandika jina lake, damu ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye gari hadi mtaroni.

Ndani ya chumba cha upasuaji walikuwa watatu tu: daktari kijana aliyekuwa na miezi sita kazini, mtu wa kutoa dawa ya usingizi, na Shangazi. Mkanda ulipolegezwa, damu iliruka ikapiga taa ya juu. Daktari akanyoosha mkono, Shangazi akampa kibano, akakamata ncha moja ya mshipa. Ncha ya pili ilikuwa imejivuta ndani ya nyama. Daktari aliitafuta mara mbili, na mara zote mbili kibano kilirudi kitupu. Mtu wa usingizi akasema mapigo yanapotea. Shangazi hakungoja kuambiwa. Aliuzamisha mkono wake wa kushoto ndani ya jeraha, akapapasa, akaupata mshipa, akaubana kwa vidole.

"Nimeushika," alisema. "Wewe tafuta polepole."

Hapo ndipo waliposikia vioo vinavunjika koridoni, kisha mlinzi akipiga yowe, kisha yowe likakatika. Mtu wa usingizi alisukuma mtungi wa oksijeni mlangoni. Mlango ulipigwa mara tatu ukapasuka. Wanaume watatu waliingia, udongo wa shimoni ungali magotini mwao. Aliyetangulia alikuwa kaka wa marehemu, mtu wa miraba minne, na mkononi ana nondo. Daktari aliinua mikono, akaanza kusema kwamba hapa ni hospitali. Nondo ilimpiga sikioni, akaanguka bila kumaliza sentensi. Mtu wa usingizi alipigwa mateke hadi chini ya meza, lakini alitambaa akarudi kichwani pa mgonjwa, akaendelea kuukamua mpira wa hewa akiwa amepiga magoti, damu inamtoka puani.

Kaka wa marehemu alimtazama Shangazi. "Mama, toka hapo. Sina ugomvi na wewe."

"Nikiutoa mkono huu anakufa."

"Ndicho nilichofuata."

"Siutoi."

Alimpiga nondo kwenye bega la kushoto. Shangazi aliusikia mfupa wa mtulinga ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Aliegemea meza kwa kifua, lakini vidole havikuachia. Yule mtu aliipindua trei kwa teke, vyombo vikatawanyika sakafuni, akaokota kisu cha upasuaji, akainama juu ya shingo ya mgonjwa.

Juu ya tumbo la mgonjwa kulikuwa na kulabu nzito ya chuma, ile ya kuvutia kingo za jeraha. Shangazi aliichukua kwa mkono wa kulia akampiga nayo usoni. Ncha iliingia jichoni. Kisu kikadondoka, na mtu mwenyewe akaporomoka juu ya ukingo wa meza, huku ameshika uso. Shangazi alimpiga tena, kichwani, na bado akainua mkono akampiga mara ya tatu. Ya pili labda ilihitajika. Ya tatu haikuhitajika, na alilijua hilo wakati mkono ungali hewani. Wale wawili walipomwona mwenzao chini, walikimbia, wakaishia mikononi mwa polisi getini.

Daktari wa wodi ya wazazi ndiye aliyekuja kuufunga mshipa. Ilibidi wavikunjue vidole vya Shangazi kimoja kimoja, kwa kuwa vilikuwa vimekakamaa.

Kesi ya uvamizi ilisikilizwa miezi mitatu baadaye. Vyombo viliwekwa mezani ndani ya mifuko ya nailoni kama vielelezo, na wakili wa utetezi alivinyanyua kimoja kimoja, akimtaka shahidi aieleze mahakama kila kimoja ni cha nini. Shangazi, bega limeshuka upande, alijibu bila haraka. Hiki ni kibano, cha kuzuia damu. Hiki cha mdomo mfupi ni cha kushikia sindano wakati wa kushona. Hiki ni kisu, kinapasua ngozi. Wakili akafika kwenye kulabu.

"Hiki nacho ni cha kupigia watu?"

"Hapana. Kinafungua jeraha ili daktari aone."

"Ulimpiga mteja wangu mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara ya tatu alikuwa ameshaanguka. Kwa nini ulimpiga?"

Mwendesha mashtaka alisimama kupinga swali, lakini Shangazi alikuwa ameshajibu. "Nilikuwa na hasira."

Hakimu aliandika, akamtazama, akaandika tena. Kaka wa marehemu, jicho moja limefunikwa pamba, alifungwa miaka tisa. Shangazi hakushtakiwa.

Kijana aliyeokolewa alitoka hospitalini kwa miguu yake miwili. Ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeua haukupatikana, akaachiwa. Hakurudi kushukuru, na Shangazi hakumtarajia. Lakini mwezi wa nane tangu siku ile, mchana kweupe, kijana huyo alimvizia mdogo wa yule mfungwa kwenye tanuri la matofali akamkata mkono. Walimleta akiwa amebebwa kwenye turubai, kiganja kinaning'inia kwa ngozi.

Shangazi alikuwa ameshapanga trei alipoambiwa mgonjwa ni nani, na aliyemkata ni nani. Alivua glovu. Alimwambia daktari, yuleyule, ambaye sasa sikio lake moja lilikuwa na kovu, kwamba leo hawezi. Hakuwahi kulisema neno hilo kazini. Alikwenda chumba cha kuoshea vyombo, akageuza ndoo ya sabuni, akaikalia. Mwenzake alishika nafasi yake. Kiganja hakikuokoka. Trei ilipoletwa imejaa damu, Shangazi aliinuka akaosha chombo kimoja kimoja kwa brashi, akifungua kila kiungo, hadi maji yakawa meupe.

Nyumbani alimkuta mumewe anapiga randa ubao wa mlango. Alimsimulia yote akiwa amesimama, mkoba bado begani, kisha akasema kwamba siku ile angeachia vidole, mtu mmoja angekuwa na jicho lake na mwingine na mkono wake.

Mumewe aliweka randa chini. "Ungeweza kuachia?"

Alishusha mkoba begani. "Hapana," alisema.

Wiki iliyofuata aliomba kuhamishiwa chumba cha kuchemshia vyombo. Alikubaliwa, na huko ndiko alikofanya kazi miaka minne, hadi alipostaafu.