Baiskeli Kando ya Msimbazi

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nilikuwa namsubiri baba. Juzi gazeti lilichapisha mchoro wa njia ya baiskeli itakayojengwa kando ya Mto Msimbazi, nami, msomi mzima, nikanusa tena matope na mchicha mbichi.

Nilipokuwa mtoto, baba alinishikilia kiti cha baiskeli kwa nyuma, hapo kando ya mto. Wanawake wa bustanini wakacheka, “Mtoto wa kike na baiskeli! Nani atamuoa?”

“Atakayeweza kumkimbiza,” baba akajibu. “Haya mama, usigeuke.”

Nilipogeuka alikuwa mbali, na kifurushi cha nguo kwapani, akipunga mkono. Nilidhani ananishangilia. Nikampigia kengele.

Hakurudi tena.

Jana shangazi alipiga simu kutoka Lindi. “Tumemzika baba yako.”

“Aliwahi kuniulizia?”

“Pole, mama,” akasema.