Ruta Yenye Jina la Baba Mkwe

Ruta lazima iwe na jina, la sivyo fundi aliye juu ya mnara na sisi tulio ofisini Mbeya hatutajua tunazungumzia ipi. Kampuni yetu ya intaneti ilikuwa bado changa, na utaratibu wake wa majina ulikuwa wa kienyeji: kila ruta iliitwa kwa jina la mwenye kiwanja, na linki kati ya ruta mbili ikabeba majina ya pande zote. Ndivyo ruta ya Mwaya, kwenye mnara mfupi pembeni ya shamba la kakao, ilivyopewa jina la baba mkwe wangu.

Mimi ni mzaliwa wa Ipyana, na nilifundwa kwamba mkamwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamkaribii, hamtazami usoni. Wenzangu ofisini waliona ni ushamba.

"Dada, linki gani imekata?"

"Ile ya Mwaya."

"Mwaya zipo tatu!"

"Hiyohiyo unayoijua. Usinichokoze."

Walicheka weee, mwishowe wakazoea.

Kuandika, hata hivyo, hakuna aliyenikataza. Kila asubuhi niliandika jina lake kwenye kompyuta kuipima ruta, nayo ikajibu. Mzee ndiye aliyefuta vumbi kwenye sola na kuangalia betri kabla ya kwenda kwenye mpunga wake. Ikichelewa kuwaka nilimpigia mama mkwe, naye akapaza sauti uani, na baada ya muda alama kwenye kioo changu ikageuka kijani. Miaka yote hiyo hatukusalimiana hata mara moja, lakini kila siku nilijua kwamba ameamka salama. Nilimpenda sana mzee yule.

Alifariki wakati wa mavuno. Niliendelea kuandika jina lake, ruta ikaendelea kujibu, na kwa dakika chache moyo ulitulia.

Kisha kampuni ikakua, ukaja utaratibu mpya: herufi za mji, herufi za kata, namba. Nilimwomba bosi aiache ile moja tu. Akaniambia kwa upole kwamba mtandao si makaburi. Basi nikaibadilisha mwenyewe, sikutaka mkono wa mtu mwingine. Nilipomaliza niliandika lile jina la zamani, kujaribu tu. Hakuna kilichojibu.

Kesho yake fundi alikwenda Mwaya kubandika lebo mpya kwenye boksi la mnara. Mama mkwe akanipigia, akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Ugonile, mwanangu. Huyu kijana wenu amebandua jina la mwenzangu. Sasa inaitwaje?"

Nikamsomea: KYL, MWY, sifuri moja.

Akasema, bila hasira yoyote, "Haya. Hilo sasa unaweza kulitamka."

Niliweka simu mezani nikalia mbele ya wenzangu wote. Nilikuwa nalitaka lile nisiloweza.