Mama Breki na Karata ya Mauti

Magari ya kufundishia udereva huwa na breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Mwalimu mmoja mwanamke aliitumia hiyo ya pili kupita kiasi, hata wanafunzi wakambandika jina la Mama Breki. Mbuzi akionekana ng'ambo ya barabara, breki.

"Mwalimu, huyo mbuzi amelala," mwanafunzi mmoja alimwambia.

"Akiamka je?"

Zamani hakuwa hivyo. Mumewe alipofariki kwa maradhi ya figo, akamwachia binti mmoja na gari dogo la bluu, ndipo uoga ulipomwingia. Gari hilo lilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Kila Jumapili alilifunua, akaliwasha, akaliacha lingurume kidogo, akalifunika tena. Sasa binti alikuwa amepata kazi ya maabara katika mji wa mbali, na alisema ataondoka mwisho wa mwezi, tena na gari la baba.

"Tutaona," mama akajibu. Katika nyumba ile, "tutaona" ilimaanisha hapana.

Ijumaa alikwenda kwa wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa akisuka watu nywele sebuleni kwake. Wifi alikuwa na karata za taroti, zile za picha ambazo wengine hupigia ramli, zilizochakaa pembe, alizoachiwa na mteja aliyehama. Mteja akichoka kukaa, aliambiwa achague moja, kisha mazungumzo yakaanzia hapo.

"Chagua na wewe, wifi. Uso umekunjamana kama shati lililolaliwa."

"Mambo ya ramli siyataki."

"Ramli gani? Karata haijui kesho. Unatazama picha, unajiuliza leo umeng'ang'ania nini."

Akachomoa. Mifupa ya mtu ilikuwa imevaa nguo za chuma, imepanda farasi mweupe, na mbele yake watu wamepiga magoti.

"Mauti," wifi akasema huku akiendelea kumsuka mteja aliyesinzia. "Wengi huiogopa bure. Maana yake kuna jambo limekwisha, lingine linataka nafasi. Tazama kule nyuma, jua linachomoza."

"Linazama hilo."

"Linachomoza!"

"Wifi, macho ninayo. Linazama."

Wifi alipokwenda jikoni kuchemsha maji ya kuchovya ncha za nywele, yeye akaitia karata ile kwenye pochi yake. Alijiambia kwamba isipokuwepo pale, binti yake hawezi kuichagua. Hata mwenyewe alijua hoja hiyo haina kichwa wala miguu.

Siku zilizofuata roho ilikuwa juu juu. Simu ikilia, aliikimbilia. Binti akichelewa dukani, mama alisimama mlangoni. Kisha Jumatano, kwenye barabara kuu, alikuwa na mwanafunzi mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akiendesha vizuri kabisa. Mama Breki aliona kitu cheupe pembeni, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Kumbe ni mfuko wa nailoni. Lori la nyuma lilipiga honi, likayumba, likawapita kwa upana wa kiganja. Fundi cherehani alilia.

Mwenye shule hakufoka. "Mama, nenda kapumzike mpaka wiki ijayo," alisema. Upole ule ulimuuma kuliko matusi.

Alifika nyumbani kichwa kinamgonga. Binti alifungua pochi kumtafutia dawa ya kichwa, akatoka na karata.

"Mama, hii si ya shangazi?"

"Nimeiiba. Isije ikakuangukia wewe."

Binti alitaka kucheka, akaona machozi, akakaa. "Unaogopa nitakufa njiani?"

"Ndiyo." Akaipokea karata. "Na ukifika salama pia naogopa. Nitabaki na nani? Baba yako ameshakwenda, na gari nalo likienda..."

"Mama, gari siyo baba."

"Najua. Ila Jumapili huwa nasahau."

Jioni ile walirudisha karata. Wifi hata hakuwa amegundua. "Watu wanaiba hela, wewe unaiba Mauti!" alisema, wakacheka wote watatu, ingawa mama alicheka kwa mdomo tu.

Kabla ya safari, asubuhi kadhaa alikaa kando ya binti katika gari la bluu, ambalo halina breki ya pili. Alikanyaga sakafu tupu mpaka misuli ya mguu ikamuuma. Binti alijifanya haoni.

Siku yenyewe alikagua matairi, maji na oili, akakagua tena, kisha akatoa ufunguo. Gari lilipokata kona alibaki na turubai mikononi, hajui alikunje au alitupe. Alishinda akifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Jua lilipokuwa linashuka, simu ikalia.

"Nimefika, mama. Chumba kinanuka rangi mpya."

"Fungua madirisha." Akafikiri. "Lakini usifungue yote."

Wiki iliyofuata alirudi kazini. Fundi cherehani alikuwa ameomba mwalimu mwingine, naye hakumlaumu. Na binti amemwomba awe akipiga simu jioni tu, si asubuhi yeye binti akiwa maabara. Wamekubaliana. Asubuhi nyingi mama anafaulu kungoja.