Kaka Anazima Maji ya Moto ya Mama Akiwa Kwake

Admin, jina langu lifiche, maana ukoo wetu wote wamo humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, Muomani, wazee wangu wametoka Unguja. Niliachika, sikujaliwa mtoto, na sasa naishi Bawshar, hapa Maskati, na mama yangu. Nilikuwa nafundisha chekechea, nikaacha kazi mama alipoanza kushikwa na baridi yabisi, kwa sababu hawezi tena kujivika mwenyewe wala kushika kikombe kizito. Nyumba ni ya kaka yangu mkubwa. Yeye na mkewe wanakaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na bili ya umeme ya kwetu analipa yeye. Hilo sikatai, na Mungu amlipe.

Mwaka huu baridi ilipoanza alikuja na fundi, wakafunga kidude ukutani, themostati ya kisasa inayoendeshwa kwa simu. Akasema kitatupunguzia bili, kitajua lini kuwasha kiyoyozi cha upepo wa moto chumbani kwa mama, lini kuwasha hita ya maji, na lini kuzima. Nilifurahi, wallahi. Nilidhani ni kitu cha kutusaidia. Kumbe kimefungwa kwa namba ya siri anayoijua yeye peke yake. Sisi tulio ndani hatuwezi kukigusa.

Basi ikawa hita inawaka kidogo jioni, kisha inazimwa. Upepo wa moto ukizidi kidogo, anauzima kutoka huko aliko. Nilimpigia nikamweleza kwamba sakafu ya marumaru inamtesa mama, na maji ya alfajiri ni ya barafu. Akanijibu kwamba Maskati hakuna baridi ya kuitwa baridi, tuvae soksi, na kwamba tumezoea kuishi kama tuko hotelini. Baadaye akaandika kwenye kundi la familia jinsi bili ilivyoshuka. Mashangazi wakammiminia dua na pongezi. Mimi nasoma huku namkanda mama vidole vilivyokakamaa.

Ijumaa moja alitualika chakula kwake. Admin, tulipofungua mlango joto lilitupokea. Wanawe wako pekupeku na fulana, wanakula aiskrimu. Mama akaenda kunawa mikono, akakawia. Nilipomfuata nikamkuta ameiweka mikono yake chini ya bomba la maji ya moto, amefumba macho. Nikamuuliza wifi yangu kama na wao wamefunga kile kidude. Akacheka kidogo, akasema mumewe aliona watoto watapata mafua.

Tukarudi Bawshar, nikawa kila alfajiri nachemsha maji ya mama kwenye birika ili atie udhu. Asubuhi moja nilikuwa nimeliacha birika jikoni, mimi niko chooni. Mama hakutaka kunisumbua, akalibeba mwenyewe. Vidole vikamwachia. Maji yote yakamwagika mguuni. Ule ukelele wake ninausikia hadi leo.

Kaka alikuja hospitali. Kabla hata hajauangalia ule mguu akaniuliza, "Kwa nini hamkunipigia? Ningewasha."

Nikamwambia, "Nikupigie alfajiri kukuomba maji ya moto ya mama yako mzazi?"

Hapo ndipo akainama kuuangalia mguu. Lakini tulipofika nyumbani nikaona ameandika kwa familia kwamba mama ameungua kwa uzembe wa kuachiwa birika, na kuanzia sasa birika ni marufuku. Mashangazi wakaanza kunipigia mmoja mmoja, kunifundisha namna ya kumtunza mama yangu. Nilipotaka kuwaeleza ukweli, mama akaniapisha nisimfedhehi mwanawe mbele ya ukoo. Nikaapa kwa sababu alikuwa analia.

Siku chache baadaye nikaita fundi, akaking'oa kile kidude, hita na kiyoyozi vikarudi kuwashwa kwa swichi. Kaka akaona kwenye simu yake kwamba kimezimika. Hata adhuhuri haijaadhiniwa, ameshafika. Bandeji ya mama ilikuwa inataka kubadilishwa siku zote zile na hakupata nafasi ya kuja, lakini ya kidude nafasi alipata. Akasema ama kinarudi ukutani, ama umeme wa nyumba hii ataacha kuulipia, na tutafute pa kwenda tukalipe wenyewe. Alisema hivyo mama akiwa pale, kaweka mguu juu ya mto.

Alipoondoka mama akaniita. "Mwanangu, kirejeshe," akasema. "Nnaweza maji baridi. Sitaki mgombane mimi nikiwa hai."

Nina hasira, ndugu zangu, mpaka chakula hakipiti. Nina hasira na kaka, na mashangazi wanaohesabu bili yetu bila kuuona mguu wa mama, na Mungu anisamehe, hata na mama, kwa kumfichia aibu yake mtu huyu. Nikitafuta kazi tuhame, mchana mama atabaki na nani? Nikikirudisha, kila alfajiri nitamtazama akitetemeka. Nikisema hadharani, nitakuwa nimevunja kiapo nilichompa akiwa kitandani.

Hapa sikutaja jina la mtu, kwa hiyo kiapo changu kipo pale pale. Wenye mama, na waliowahi kuuguza, niambieni kama mngekuwa mimi mngefanya nini. Na kaka yangu anafuata ukurasa huu, husoma kila siku akinywa kahawa. Akifika hapa, atoe na yeye ushauri wake.