Siku nilimbeba mama mkwe mgongoni, huko mbele ya Baragoi

Niaje wakuu,

Hii stori nimeikalia karibu mwaka mzima. Sio eti ni ya uongo, ni aibu tu. Bibi yangu ameketi hapa kando anasoma kila line, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni fundi wa bodi za magari, naishi Kiamunyi. Mnajua vile Nakuru huwa July, baridi ya kuingia kwa mifupa. Mama mkwe wangu ni mjane, yuko Kabazi, na huko ni mbaya zaidi. Magoti yake yalikuwa yamevimba mpaka kutoka jikoni kwenda choo ilikuwa safari. Daktari akasema atafutiwe joto kidogo.

Nilikuwa na van kuukuu ya four-wheel, zamani ilibeba mikate. Nilikuwa nimetoa kila kitu ndani nikaweka kitanda, meko ya gas na mapazia. Wenzangu pale garage walikuwa wananiita landlord. Bibi akasema, si tumpeleke mama huko juu Turkana side apate jua, na sisi tuone hilo ziwa watu husifu.

Nikasema sawa. Halafu nikakumbuka.

Wenye si wa kwetu, acha niwaeleze. Mimi na bibi ni Wabukusu. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono. Hawagusani, hawalali chini ya paa moja. Mnaheshimiana kwa umbali. Miaka kumi na tano nimeoa, sikuwa nimewahi kumkaribia huyo mama hata hatua tatu. Akitaka kuniambia kitu anamwambia msichana wake, na mimi niko hapo hapo nasikia. Sasa fikirieni hao watu wawili ndani ya nyumba ya magurudumu, wiki nzima.

Tukapanga hivi: mama na bibi walale kwa van, mimi kwa tent, mbali. Njiani mama akae nyuma, pazia imefungwa.

"Mwambie baba Brayo hiyo kona apunguze mwendo," mama anamwambia bibi. Baba Brayo ndio mimi.

"Mwambie mama nimepunguza."

Bibi alichoka na hiyo kazi kabla hatujafika Nyahururu.

Tukapita Rumuruti, tukalala Maralal na masweta. Kesho yake tukafika mahali nchi inaisha. Sijui niseme aje. Unaendesha kwa nyasi na ng'ombe, halafu mbele yako hakuna kitu, ni kushuka tu, na huko chini bonde limelala la bluu mpaka macho yanakataa. Bibi alimtoa mama nje, mama akasimama na fimbo yake. Halafu nikamsikia akijiambia, "Kumbe Mungu alikuwa na shamba kubwa hivi, na sisi tunapelekana kortini juu ya nusu ekari."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na machozi, nikasingizia upepo.

Tukashuka. Baada ya Baragoi joto likatushika vizuri. Mama akaanza kunyoosha miguu, nikasikia akiimba nyuma ya pazia. Nilifurahi kama mtu amepewa medali.

Siku ya tatu, kama saa tisa mchana, tukapata lagga. Lagga ni mto hauna maji, ni mchanga tu, na miti ya miiba huku na huku. Hapo ndio niliharibu. Juu kwa ukingo kulikuwa na nafasi ya van lakini hakuna ya tent, mawe matupu. Ningelala karibu sana na mama mkwe. Chini kwa mchanga, nafasi ilikuwa tele: van hapa, tent hatua arobaini kule.

Kwa hivyo, kwa sababu ya heshima, nikaenda kupaki ndani ya mto.

Kulikuwa na mama mmoja Msamburu amechimba shimo mchangani, anatekea mbuzi wake maji na mtungi wa plastiki. Akatuangalia, akaangalia milima mbali huko.

"Toka hapa. Maji inakuja."

Niliangalia juu. Mbingu safi, jua kali. Nikaona huyu ni mtu anachunga kisima chake, hataki wageni.

"Huko imenyesha," akasema, akaonyesha mlima na kidole. Kulikuwa na wingu moja, dogo. Akaita mbuzi wake, akapanda nao ukingoni. Mtungi aliuacha pale, maji nusu.

Wakuu, mtu wa jangwa ameacha maji nyuma, na mimi bado nilikuwa nasimamisha tent polepole.

Kwanza ilikuwa sauti, kama lori ya mawe inamwaga mbali. Halafu upepo baridi ukateremka na mto. Nikakimbia kwa van, nikawasha, magurudumu yakachimba mchanga yakakwama. Nikamwambia bibi toa mama, toa mama. Nikaruka nje, nikasimama kando nimpe mama nafasi.

Bibi yangu ni mdogo wa mwili. Alimvuta mama hatua kama kumi, magoti yakakataa, wote wakaanguka. Bibi akajaribu kumwinua, akashindwa. Akaniangalia.

Na mimi nilisimama.

Nataka muelewe hapo. Maji nilikuwa nimeyaona kwa kona, povu na matawi na mavi ya mbuzi, yanakuja kwa mchanga mkavu. Na miguu yangu ilikataa, kwa sababu yule ni mama mkwe. Sijui ni sekunde tatu, sijui ni tano. Miaka kumi na tano ya tabia haiondoki kwa sababu umeiambia iondoke.

Halafu nikaenda. Nilipiga magoti, bibi akamweka mgongoni, nikakimbia. Alikuwa mwepesi, nilishangaa. Alifunika uso na leso yake mpaka tukafika juu, na yule mama Msamburu akampokea.

Tukageuka.

Mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, wa rangi ya chai ya maziwa, unabeba miti mizima. Juu yetu jua linawaka, hakuna hata tone la mvua. Tent ilipita kama karatasi. Van iliinuka, ikageuka taratibu, ikakwama kwa ukingo wa upande ule mwingine. Tulikaa chini wote wanne. Nimekaa Rift Valley maisha yangu yote na sikujua mahali ninaishi.

Kesho asubuhi mto haukuwepo. Mchanga tu, na mbuzi wanakunywa kwa shimo jipya.

Lori ilituvuta, fundi nikafanya ufundi, tukafika ziwa siku mbili baadaye. Ni kijani, katikati ya mawe meusi, unaliona na bado huamini. Mama aliingiza miguu majini akakaa hivyo mpaka jioni. Hakuna mtu alitaja kubebwa.

Lakini nyumbani ilijulikana. Wazee wa ukoo wakasema nimevuka mpaka, nilete kondoo nitakaswe. Sikubishana, nikapeleka kondoo Kabazi.

Mama mkwe alitoka nje mwenyewe. Kwa mara ya kwanza aliongea na mimi, macho kwa macho.

"Baba Brayo, rudi na kondoo yako. Nilikuona umesimama."

Nikainamisha kichwa.

"Usiiname. Mimi pia nilikuwa chini pale naomba Mungu usinikaribie. Maji nayaona, na naomba hiyo. Sisi wawili tulikuwa tayari nife tu ndio tusiaibike. Sasa huyo kondoo atatakasa nini?"

Akanivutia kiti. Akakiweka karibu na chake.

Funzo langu ni fupi: usipaki kwa lagga, na mwenyeji akikwambia toka, toka. Sijasema mila ni mbaya, bado nalala kwa tent. Lakini ile sekunde tatu inaniamsha mpaka leo. Wazee wa western mko humu, nikosoeni. Na kama kuna mwingine amewahi kusimama vile nilisimama, aandike hapa chini. Mimi sitamcheka.