Sikio la Ishirini

Hana gitaa. Hana kinanda, hana ngoma, hana studio. Noti za muziki hazijui, na sauti ya kuimbia, kwa maneno yake mwenyewe, "ilisahauliwa siku nilipoumbwa." Alichonacho ni bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, simu iliyopasuka kioo, kompyuta ya mkono wa pili na daftari moja.

Saa tatu asubuhi, mama huyu fundi wa friji amepiga magoti nyuma ya friji la bucha. Ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye kompresa, ile pampu inayonguruma, mpini ameuegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Amefumba macho. Mwenye bucha amesimama kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

"Linavuja gesi kidogo kidogo," anasema fundi. "Si unasikia?"

"Mimi nasikia friji tu, mama."

"Basi ndilo linalokwambia."

Kabla ya kufungua hata skrubu moja, anaweka simu sakafuni na kurekodi dakika mbili. Ndivyo afanyavyo huu mwaka wa kumi na mbili. Friji likirudi na ugonjwa, hulinganisha kikohozi cha zamani na kipya. Sasa anazo sauti mia tatu na arobaini.

Miaka miwili iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja, alijiandikisha darasa la jioni la kompyuta, akaketi na vijana wa kuwazaa.

"Nilitaka kujua kuandika ankara tu," anasema. "Siku moja nikabonyeza mahali pasipofaa, sauti ya friji ikavutika, ikanguruma polepole kama ng'ombe anayeota ndoto. Ankara nikazisahau."

Ndipo ilipozaliwa albamu yake, *Friji Kumi na Moja*. Ina dakika arobaini na moja. Haimbi mtu humo, wala hakipigwi chombo. Ni mingurumo iliyorefushwa, iliyokatwa na kupandanishwa kwa kompyuta, mpaka usijue kama unasikiliza mashine au mvua ya mbali.

Aliipeleka redioni, kwenye kipindi cha muziki mpya cha Jumapili mchana. Fundi mitambo wa kule alidhani kelele zimeingia kwa bahati mbaya. Kwa nia njema kabisa, akazisafisha. Kilichorushwa hewani kilikuwa mibofyo michache na kimya kirefu.

"Tumekaa ukoo mzima tunasikiliza kimya," anakumbuka, akicheka hadi anafuta machozi. "Mume wangu akasema, 'Mke wangu, kumbe ukitaka unaweza kutulia!'"

Mtangazaji aliomba radhi kwa barua, lakini akaweka sharti. Wapatikane wasikilizaji ishirini walioisikiliza albamu mwanzo hadi mwisho, na maoni yao yamfikie kabla ya mwezi kuisha. Hapo ataipiga nzima, bila kuisafisha. La sivyo, nafasi atapewa mwingine.

Tangu hapo, daftari haliachani na mkoba wa vifaa. Kila msikilizaji ana ukurasa wake, na fundi hafuti neno. Mwenye bucha ameandika: "Wimbo wa nne ni friji langu. Ningelijua hata gizani." Muuguzi anayetunza chanjo za zahanati anasema wimbo wa saba ulipokatika ghafla, alitupa kijiko akakimbia kuangalia jokofu. "Sijawahi kuogopeshwa na muziki namna ile. Niliporudi nikaurudia." Wifi wa fundi hakuzunguka: "Kelele. Ila nimefika mwisho, maana nilitaka kujua zinakwisha lini." Mume wa fundi, mshona viatu, alilala mara tatu kabla ya kumaliza, naye kaandika hivyo hivyo.

Kurasa kumi na tisa zimejaa. Leo mkoba wa barua unaondoka posta saa kumi, na baada ya leo barua haitawahi.

"Si umsimamishe mpita njia yeyote?" mwenye bucha anamuuliza.

"Ukurasa huu una mwenyewe."

Mwenyewe ni baba yake mdogo, fundi mstaafu aliyemfundisha kazi. Miezi miwili sasa, tangu albamu ikamilike, amekataa kuisikiliza. Alimwambia: "Umeona wapi daktari akitangaza kikohozi cha mgonjwa wake?"

Saa saba mchana fundi anabisha mlango wa mzee.

"Shikamoo, baba mdogo!" anapaza sauti.

"Marahaba. Umekuja na yale makelele?"

"Nimekuja nayo. Ukinifukuza nitayaacha mlangoni."

"Masikio yenyewe yamekufa, mwanangu. Utapoteza mchana wako."

Fundi habishani. Anaweka spika mezani na kumpa bisibisi. Mzee anaitazama, anaguna. Kisha, kwa mkono uliofanya hivyo maisha yake yote, anagusisha ncha kwenye spika na kuegemeza mpini nyuma ya sikio.

Anasikiliza dakika zote arobaini na moja. Wimbo wa tisa unapoanza kukwaruza, anafumbua macho. Albamu inapokwisha, anabaki ameshika bisibisi.

"Namba tisa. Ile kompresa ilikufa."

"Ilikufa."

"Ungebadilisha rilei ya kuiwashia mapema ingepona."

"Najua. Nilidhani ni gesi. Kosa langu, ndiyo maana nimeliweka."

Mzee anaiweka bisibisi mezani. "Mimi makosa yangu niliyaficha," anasema, kisha ananyoosha mkono. "Lete daftari."

Anaandika polepole, kwa herufi kubwa: "Wimbo wa tisa ni kosa la fundi. Wasilisafishe."

Saa tisa na nusu, posta. Fundi anasema redio ikiipiga nzima, ataanza albamu ya feni. Isipoipiga, ataanza vilevile, ila angependa Jumapili moja mzee aegemeze bisibisi kwenye redio.

Analitia daftari kwenye bahasha pamoja na barua ya mistari mitatu.

"Kuna kitu cha kuharibika humu?" karani anauliza.

"Vyote vimeshaharibika, mwanangu."

Analamba gundi, anaifunga bahasha, anaikandamiza kwa kiganja kama anayepima joto, kisha anaisukuma chini ya kioo. Karani anagonga muhuri na kuitumbukiza mkobani.